Si Mke, Si Mjane

Pangoni, Mlima Yunqiu
Mwaka wa nne wa enzi ya Yonghe, mwanzoni mwa mwezi wa nne

Kwa Mama Deng Yao, mke wa mwalimu wangu Liang Bao, Linqiong

Shikamoo, Mama.

Kazi imekwisha. Nalisema hilo mwanzo kabisa kwa sababu Mwalimu aliniambia kwamba barua zangu huzisomi kwa mpangilio, unakimbilia mwisho kuona kama tunaomba siki nyingine. Safari hii hatuombi.

Chungu tulikivunja asubuhi, ukungu ulipoinuka bondeni. Wewe mwenyewe uliwahi kumwona Mwalimu akichoma jiwe jekundu uani kwenu. Jiwe linatoka jasho, na jasho lile ni zebaki, maji ya fedha yasiyolowesha kidole. Ukiyarudisha motoni kwa subira, moto mdogo, bila kuongea ovyo karibu na tanuri, maji yale yanakuwa mekundu tena. Mama, kuni ikishakuwa majivu hairudi kuwa kuni. Mwanadamu naye tunajua anakokwenda. Jiwe hili linakufa mbele ya macho yako na linarudi, na kila linaporudi linakuwa safi zaidi. Nimelitazama jambo hilo mwaka baada ya mwaka na bado nywele zinanisimama.

Basi tulipoondoa udongo uliozibia kifuniko, ndani mlikuwa na maua. Sijui niyaite nini kingine. Vijisindano vyembamba vimejipanga ukutani mwa chungu, vyekundu, na mwanga ulipoingia vikawa na rangi ya dhahabu. Mwalimu alipiga magoti. Mimi nilijikuta nimelala kifudifudi na sikumbuki nililala saa ngapi.

Aliyasaga, akafinyanga kwa nta, akameza punje moja kwa siki yako. Akasema, "Mwambie Yao siki ya mwaka huu ni kali." Kisha akakaa akielekea mashariki, akafumba macho. Sasa amelala.

Nakuomba mambo matatu, nayo ni maagizo yake. Usilie. Usivae nguo ya katani ya msiba. Na zaidi ya yote, asipande mtu yeyote juu ya paa na joho lake kumwita. Anayeitwa kwa jina akiwa njiani hugeuka, na mwili alioanza kuuvua hauvaliki tena.

Mwanafunzi wake na mwanao,
Pang Xi


Linqiong
Mwezi wa nne, siku za kuvuna ngano

Pang Xi,

Marahaba. Amelala maana yake nini? Anakoroma? Nimelala ubavuni mwa Liang Bao tangu ningali na meno yangu yote, na sijapata kumwona akilala kimya. Kwa hiyo nakuuliza kama mtu mzima anavyomuuliza mtu mzima: anapumua au hapumui? Ana joto au ni baridi? Ananuka au hanuki? Na usinijibu kwa maua.

Wewe unamjua Mwalimu, mimi namjua mwanamume. Unafikiri alipanda huko kwa ajili ya maajabu? Alipanda kwa sababu hatuna mwana. Watoto tuliowapata hawakufika kuota meno. Siku tuliyomzika baba yake, aliangalia lile bakuli la mtama lililowekwa mbele ya kaburi, na njiani tukirudi akaniambia, "Yao, sisi nani atatuwekea bakuli? Mtu asiye na wa kumlisha akifa, heri asife." Nikacheka, nikidhani ni utani wake. Kesho yake akaanza kununua mawe.

Shemeji Liang Heng amekuja hapa akiwa amekunja uso. Anasema kama kaka yake amekufa, mtu alipaswa kupanda juu ya paa siku ile ile pumzi ilipokatika, ashike joho lake, atazame kaskazini, amwite mara tatu arudi. Mtu akishaitwa na asirudi, ndipo anavikwa, ndipo analiliwa. Ni kweli, hata wewe unajua. Sasa siku zinapita. Kama ni maiti, basi roho yake inatangatanga milimani na hakuna aliyeinua sauti kuielekeza nyumbani, na mwenye kosa ni mimi. Kama si maiti, na mimi nikapanda paani, nitakuwa nimemshika miguu akiwa karibu kufika.

Mimi ni nani sasa? Nikienda sokoni wanawake wananipisha njia kama mjane, halafu wananiuliza mzee hajambo.

Nimekutii mpaka leo. Joho lake limekunjwa, nguo za katani zimekunjwa, na mimi nimekaa katikati. Nijibu upesi.

Deng Yao, mke wa Liang Bao, kama bado ni mke


Pangoni, Mlima Yunqiu
Mwezi wa tano, matango yameanza kuiva chini huko

Shikamoo, Mama.

Umeniuliza kiutu uzima, nami najibu hivyo hivyo. Hapumui. Nilimwekea nyuzi za hariri puani, kama tunavyowafanyia wanaokata roho, nikatazama mpaka macho yakaniuma. Hazikutikisika. Tena ni baridi, baridi ya jiwe la kivulini.

Usiirushe barua hii. Endelea kusoma, kwa sababu la tatu ndilo linalonifanya nisiweze kula.

Hanuki. Mama, huu ni mwezi wa tano. Nyama ya nguruwe mwitu niliyoitundika mlangoni ilioza kabla ya jioni, ikabidi niitupe korongoni. Mwalimu yuko hapo ndani, karibu tu, na pangoni kunanuka siki na moshi wa mwerezi basi. Nzi wanaingia, wanazunguka, wanatoka. Nikikunja kidole chake kinakunjika. Mashavu yana rangi. Jana niliingia na maji ya kumpangusa uso, nikamkuta ametulia vile vile, na ghafla nikaona haya kwamba nina miguu michafu. Tangu hapo navua viatu kabla ya kuingia.

Unakumbuka alivyokuwa akisema? Dhahabu hata ukiizika enzi kumi, ukiifukua ni ileile. Mtu anakula mtama, na mtama huoza, kwa hiyo naye huoza. Mtu akila kisichooza, je? Nilikuwa nayasikia maneno hayo nikiwa nachochea moto, nikiitikia "ndiyo, Mwalimu" huku nawaza chakula cha mchana. Sasa yamekaa mbele yangu yakielekea mashariki.

Wala dalili hazikukosekana. Tangu majira ya baridi alikuwa akionja kidogo kidogo ili mwili uzoee. Fizi zikawa nyeusi. Mate yakamjaa. Mikono ikaanza kutetemeka, akaniambia anasikia sisimizi wakitembea chini ya ngozi. Siku nyingine alisahau jina langu akaniita kwa jina la mbwa mliyekuwa naye. Kila dalili tuliipokea kwa furaha. "Nyama ya zamani inahama," alisema, "inampisha mwenye nyumba mpya." Nami nilimpongeza.

Naomba uvumilie kidogo. Mwambie baba mdogo Heng asiguse ngazi.

Mwanao,
Pang Xi


Linqiong
Mwezi wa tano, mvua kubwa

Pang Xi,

Sisimizi chini ya ngozi, na wewe ukampongeza. Ningekuwa karibu ningekuchapa kwa mwiko wa kukorogea siki, na wewe ungesema ni dalili.

Alipokuja Mwaka Mpya alikuwa ameficha mikono ndani ya mikono ya joho muda wote. Nikadhani ni baridi. Nikamchokoza, "Bwana harusi gani huyu mwenye haya, nikuonyeshe na mahali pa kulala?" Akacheka, akajigeuza nisione mdomo. Kikombe kilipomponyoka alisema ni paka. Pang Xi, hatuna paka. Nilijua hatuna paka, nikaokota vipande na sikusema neno. Nilimwonea aibu mtu aliyekuwa anakufa.

Umeona nimeandika "anakufa". Kalamu imeandika yenyewe, na sasa nimeitazama na siwezi kuifuta, wala siwezi kuiamini. Kwa sababu ile nyama ilioza na yeye hakuoza. Sentensi hiyo yako nimeirudia mpaka naijua kwa moyo. Nimetengeneza siki maisha yangu yote. Mtama unachacha, unaharibika, unanuka mpaka majirani wanalalamika, halafu unafika mahali fulani ambapo hauharibiki tena, hata ukauacha mpaka wajukuu wa watu waoe. Sikuwahi kuliogopa jambo hilo. Ni kazi tu. Leo niliinua kifuniko cha mtungi, nikatazama ule weusi uliotulia. Nilikaa chini uani nikiwa nimekumbatia kifuniko.

Haya. Nimeona umejibu kila kitu isipokuwa kimoja, ambacho sikukiuliza waziwazi kwa sababu nilikuwa nakungoja wewe. Alisema nini juu yangu? "Siki ni kali" ni neno la mtu anayetoka kidogo akirudi. Siku anaondoka hapa alisimama mlangoni na mzigo mgongoni, akaniambia, "Nitatengeneza mbili, Yao. Siendi kukaa huko milele na watu nisiowajua."

Mbili. Wewe umeandika kwamba alimeza moja. Ya pili iko wapi?

Kama umeimeza wewe, sema. Sitakushitaki kwa mtu. Nataka tu kujua kama mume wangu alinisahau au nimeibiwa, maana hayo ni maumivu mawili tofauti na nimechoka kuyabeba yote kwa pamoja.

Deng Yao


Pangoni, Mlima Yunqiu
Mwezi wa sita, joto kali

Mama,

Sikuimeza. Ipo. Imo katika kijisanduku cheusi chenye alama ya ndege korongo, kile ulichomwekea tangawizi alipopanda mara ya kwanza. Alinikabidhi kwa mikono miwili, mimi, mwanafunzi, akasema, "Hii ya Yao. Mpelekee mwenyewe. Mwambie asinifanye ningoje, namjua anavyochelewa kutoka nyumbani."

Basi hujasahauliwa. Na kuibiwa, sijui niseme nini. Nimeshuka na kijisanduku kile kifuani hadi kijitoni, nikarudi. Kesho yake nikashuka tena, nikarudi. Mbeba makaa anayechukua barua hizi ameshanizoea, ananiuliza, "Vipi bwana, leo utavuka?"

Nilikuandikia kwamba alikaa, akafumba macho, akalala. Ni kweli kwamba alilala. Lakini hakulala palepale. Kwanza alijikunja. Alishika tumbo, akaanguka ubavu, akatapika mpaka hakuwa na cha kutapika, akagaragara kwenye mwamba huku mimi nimemkumbatia nisijue nifanye nini. Aliomba maji, nikampa, akatapika damu. Jua lilitoka mlangoni mwa pango likaenda likageuka, na yeye bado. Nilitaka kukimbia, Mama. Nilisimama nikaenda mpaka mlangoni, nikasikia anaita. Hakuniita mimi. Alikuita wewe. "Yao, Yao," kama mtu anayeita kutoka chumba cha pili akitaka aletewe kitu. Nikarudi nikamshika mkono nikasema, "Nipo." Mungu wa jiko na anisamehe, nilijibu kwa niaba yako. Alitulia. Nilimwinua nikamkalisha mwenyewe kuelekea mashariki, nikamsafisha, nikamvua ile nguo iliyochafuka na kuichoma.

Sasa unaelewa. Ningekuwa siamini, ningeitupa punje yako korongoni na kukuletea mwili uzikwe. Ningekuwa naamini sawasawa, ningekukimbizia siku ile ile, kwa sababu maumivu ya nusu siku ni kitu gani mbele ya milele? Lakini kila nikiinua mguu kuvuka kijito nakuona wewe umejikunja jikoni kwako. Na kila nikirudi pangoni namwona yeye, mzima, mashavu yana rangi, hana mkunjo hata mmoja usoni, na ninajiona mwizi.

Tena kuna lingine. Siku nyingine nafungua kijisanduku kuitazama tu. Ni ndogo, ya ukubwa wa punje ya mtama. Naifungua, naitazama, nafunga. Sijui ni mara ngapi mtu anaweza kuitazama kabla hajanyoosha mkono.

Niambie la kufanya. Nitafanya chochote.

Pang Xi


Linqiong
Mwezi wa sita, siku mbili kabla ya mwezi mpevu

Pang Xi,

Usiilete. Usiitupe. Usiimeze. Nakuja mwenyewe.

Shemeji atanisindikiza mpaka chini ya mlima. Amenuna njia nzima na bado hatujaondoka.

Ulivyomjibu, kwamba upo, ulifanya vizuri.

Yao


Pangoni, Mlima Yunqiu
Mwezi wa saba, upepo wa kwanza wa baridi

Shikamoo, Mama.

Natumaini ulifika salama. Mbeba makaa anasema ulishuka mlima ukiwa unaimba, tena kwa sauti, na baba mdogo Heng alikuwa nyuma yako akiwa amejifunika kichwa kwa haya.

Naandika kwa sababu siku ile sikuthubutu kuuliza. Ulipoingia pangoni nilikaa nje, kama ulivyoniamuru. Nilikuona kwa mgongo tu. Ulisimama mbele yake mpaka nikadhani umegeuka jiwe. Nilikuwa nimejiandaa kwa vilio, nilikuwa nimejiandaa hata kwa huo mwiko wa siki. Hukutoa sauti. Halafu ukavua viatu. Mimi sikuwa nimekuambia uvue, nadhani ulikumbuka barua yangu, au labda miguu yenyewe iliona haya. Ukasema bila kugeuka, "Kachote maji." Nikaenda kijitoni. Niliporudi ulikuwa nje unafunga kamba za viatu, ukanywa, ukanishika shavu, ukaniambia nimekonda. Ukaondoka.

Nikafungua kijisanduku nilichokuwa nimekiacha humo pangoni. Hakina kitu.

Mama, umeimeza? Nakuomba jibu la neno moja. Kama umeimeza, au unakusudia kuimeza, nitashuka leo hii nikae mlangoni kwako, kwa sababu maumivu yakianza asiwepo wa kukushika itakuwa mara ya pili nimekosea. Usione kwamba nakuonea wivu. Nilikuonea kidogo, kwa muda nilipokuwa natazama ile nafasi tupu, kisha wivu ukaisha nikabaki na hofu.

Na Mwalimu naye. Sijui niseme vipi. Tangu uondoke ana sura nyingine. Si kwamba ametikisika. Ni ile hali ya mtu aliyekuwa anangoja kitu na sasa hangoji tena. Labda ni macho yangu.

Nijibu, hata kama ni neno moja.

Pang Xi


Linqiong
Mwezi wa saba, mtama umeanza kukauka mashambani

Mwanangu Xi,

Sikuimeza. Kunywa maji, kaa chini, endelea kusoma.

Nilikuja huko na matusi tele. Nilikuwa nimeyapanga njiani, mengine mapya kabisa, shemeji ni shahidi kwa sababu nilikuwa nayafanyia mazoezi kwa sauti. Nikaingia, nikamwona, yakanikimbia yote. Xi, barua zako hazikudanganya, na pia hazikufikia nilichokiona. Nilitegemea kuona maiti iliyohifadhika au mzee aliyelala. Nilimwona Liang Bao kama alivyokuwa mwaka tulipopanda ule mforosadi wa uani, tena mzuri zaidi, na hilo liliniudhi, kwa sababu nilipokuwa naishi naye hakuwahi kukaa kimya na kupendeza kwa pamoja. Nilimgusa mkono. Haukutetemeka. Nikasikia baridi ikinipanda mpaka utosini, nikajua nipo mbele ya kitu ambacho akili yangu si chombo cha kukipima. Nilitetemeka mimi kwa niaba yake. Sikuona aibu.

Punje niliiweka kiganjani. Ni nzito kuliko ukubwa wake, unajua. Niliinua mpaka mdomoni. Usije ukafikiri ni mwanamke mwenye busara aliyekataa, nilikuwa naitaka kwa moyo wote. Nilitaka kukaa hapo pembeni yake na nisiondoke tena. Kilichonizuia ni wewe. Nilisikia ndoo yako ikigonga mawe huko chini kijitoni, nikawaza: huyu atarudi na maji, atatukuta wawili, atavua viatu, na atakaa mlangoni akitulinda mpaka naye afe. Nilikuona ulivyonipokea, kikombe umekishika kwa mikono miwili. Ukadhani nitaona heshima. Niliona mikono inayotetemeka. Umekuwa ukionja, Xi. Usinibishie, nilishawahi kuambiwa habari za paka.

Basi nikafanya hivi. Wafu wetu wote huwekewa kitu mdomoni ili wasiende na njaa, mchele kwa maskini, jiwe la thamani kwa mwenye nalo. Yeye hakuwekewa kitu, kwa sababu sisi wawili tulikuwa tunasubiri aamke. Nilimgusa kidevu. Mdomo ulifunguka wenyewe, laini, kama mtoto anayelishwa, na hapo ndipo nilipolia, bila sauti, ndiyo maana hukusikia. Nikaweka punje yangu juu ya ulimi wake, nikafunga. Kama amekufa, hakuna mtoto wa mtu yeyote hapa Linqiong aliyempeleka baba yake na kitu mfano wa hicho mdomoni. Kama hajafa, anazo mbili, na huko aliko atasema nimechelewa kutoka nyumbani, kama kawaida yangu.

Sasa wewe. Funga mlango wa pango kwa mawe, uzibe kwa ule udongo wenu wa tanuri, mnaojua kuuchanganya usipenye hata moshi. Vunja vyungu. Usionje tena kitu chochote chekundu. Kisha shuka. Hatukumchimbia kaburi na sitaki achimbiwe, pale alipo panamtosha. Lakini mtu anayeitwa baba na mtu lazima avaliwe katani na mtu huyo, na wewe umemwita baba muda mrefu kuliko watoto wangu walivyoishi. Nimekushonea. Nimeikadiria kwa mwili wako wa zamani, nikitegemea utanenepa. Ukifika usiniletee shikamoo za mlangoni, ingia moja kwa moja jikoni.

Imebaki habari moja, na nakuandikia wewe kabla hujaisikia kwa mbeba makaa, maana mji mzima unaisimulia.

Jana nilipanda juu ya paa. Shemeji alisema wakati umeshapita, kwamba anayeitwa huitwa siku ileile, tena anayepanda si mke. Nikamwambia ashike ngazi. Nikasimama na joho la Liang Bao, nikalishika mabegani kama ananielekea, nikatazama kaskazini ilipo milima. Majirani wote wakatoka. Nilijua kabisa ninachotakiwa kusema. Nikaita jina lake kwa nguvu zangu zote, na pale ambapo tangu enzi za mababu watu wamesema "rudi", sauti yangu ikasema, "Nenda."

Nilidhani nimekosea, nikaita mara ya pili, polepole, nikisikiliza kinywa changu. "Liang Bao, nenda." Mara ya tatu nikasema hivyo kwa makusudi, nikaliachia joho. Shemeji akasema kutoka chini, kwa upole ambao sikujua anao, "Yao, hivyo sivyo inavyosemwa."

Nikamwambia najua, ashike ngazi vizuri, nashuka.

Deng Yao, mjane wa Liang Bao